Siku niliyoshindwa kunyanyuka kwenye mkeka

Ilikuwa msibani, mtaa wa pili kutoka kwangu huku Kihonda, Morogoro, mwaka 2021. Wanawake tumekaa chini kwenye mikeka tangu saa tatu asubuhi, mara miguu umenyoosha, mara umekunja, mnajua wenyewe msiba ulivyo. Ikafika saa ya kuaga mwili, wenzangu wakainuka, mi nikajaribu kuinuka mwili haukubali. Haikuwa ganzi, ganzi naijua, ukisubiri kidogo inaachia. Hii ilikuwa nguvu haipo kabisa. Nikaweka mkono chini nikajaribu tena, nikarudi kukaa. Wasichana wawili wakaja wakanishika makwapani, pole bibi, taratibu bibi, wakaninyanyua. Nilikuwa na miaka 62 na sikuwa naumwa chochote nnachokijua.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa najiuliza hivi ningekuwa peke yangu bafuni ingekuwaje.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeanza kazi 1980 na nimestaafu 2019 nikiwa na miaka 60 kama sheria inavyotaka. Miaka 39 nimefundisha nimesimama, na shule zetu za vijijini unaijua safari ya kwenda na kurudi, hakuna daladala, ni mguu. Sasa nilipostaafu nikakaa. Nilikaa kwelikweli. Wenzangu kazini waliniaga vizuri na kochi zuri wakanipa, watoto wakaninunulia simu janja, wajukuu wapo, nikitaka maji naletewa, nikitaka kanga naletewa, nikishika ufagio napokonywa, bibi kaa, bibi pumzika umeshafanya kazi sana. Miaka miwili tu ya kupendwa namna hiyo ikanitosha kushindwa kusimama.

Hapo ndipo nataka tuongee sisi kwa sisi, kwa sababu hili ni suala la malezi yetu. Sote tumefundishwa kwamba ukimuona mtu mzima ana mzigo unampokea, na mi mwenyewe nimewafundisha watoto wa watu hivyo hivyo kwa miaka 39, ni adabu nzuri na siifuti. Lakini kuna mahali adabu inageuka kumfunga mtu kwenye kiti. Mama yako ana miaka 60, anatembea, anapika, unamkataza asifue, asilime bustani, asiende sokoni, unamwekea dada wa kazi na tivii, ukidhani umemtunza. Misuli ya mtu mzima inapungua yenyewe mwaka hadi mwaka, na ukishapita miaka 60 inapungua kwa kasi zaidi, isipotumika inaondoka haraka. Nimewaambia wanangu, shikamoo nipeni, kikapu niachieni.

Baada ya ule msiba nikaenda hospitali. Kupima presha 168 kwa 98, nami nilikuwa natembea nayo sijui, kichwa hakiumi, macho hayana shida, na ndiyo maana presha inaitwa muuaji wa kimya, maana kuanzia 140 kwa 90 mtu ana presha tayari hata kama anajisikia mzima. Wakanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, kijana mdogo tu, shikamoo mwalimu, marahaba baba. Akaniweka kwenye kiti kisicho na mikono, akaniambia kunja mikono kifuani, simama, kaa, simama, kaa, akashika saa nusu dakika. Nilisimama mara tano. Akaniambia mwanamke wa umri wako, miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 tunahesabu kwamba miguu ni dhaifu na yuko hatarini kuanguka. Hakunipa dawa ya kuchua wala nini. Akasema nenda nyumbani na zoezi lenyewe ndo hilo hilo la kiti.

Nikamuuliza hilo tu? Akasema hilo tu kwanza.

Kwa hiyo nilianza hivyo, asubuhi mara tano, jioni mara tano, kiti cha jikoni nimekiegemeza ukutani kisiteleze. Baada ya wiki tatu nikafika kumi. Nikaongeza kusimama kwa mguu mmoja nimeshika sinki, hesabu hadi ishirini kisha badilisha, wakati chai inachemka. Nikaongeza kutembea, na nilianza na mwisho wa mtaa na kurudi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa nguvu au kazi inayofanana na hiyo, siku mbili au zaidi za mazoezi ya misuli, na sisi wa miaka 65 kwenda juu tuongeze ya kulinda mwili usiyumbe siku tatu kwa wiki. Dakika 150 ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. Tena haisemi lazima uende jimu, kulima ni mazoezi, kubeba ndoo ya maji ni mazoezi, kutwanga ni mazoezi makubwa sana, mwenye kinu na akitumie.

Nakumbuka mchakamchaka. Waliosoma miaka ya sabini wanajua, alfajiri baridi, pekupeku, darasa zima kwenye mistari tunakimbia huku tunaimba hadi barabara kuu na kurudi, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo. Tulikuwa tunalalamika lakini hakukuwa na mtoto wa kuhema akipanda ngazi. Mwaka 1974 nilikuwa ndo nimeingia sekondari, Februari, redio ikatangaza Filbert Bayi ameshinda mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho hakumsubiri mtu. Shule nzima ilikimbia siku ile hata waliokuwa wagonjwa. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, wakiwa bega kwa bega na mpinzani wake mpaka kwenye utepe, nilikuwa na mjukuu wangu, nikalia. Akaniuliza bibi mbona unalia, nikamwambia vaa raba twende nje.

Sasa kutoka nje nako kuna mambo yake kwa mwanamke mtu mzima. Nilipoanza kutembea asubuhi saa kumi na mbili na trakisuti na kanga kiunoni, maneno yalianza wiki ileile. Mmoja aliuliza kama kuna bwana nimepata. Mwingine akasema ni mjane yule, anahangaika. Mume wangu alifariki 2014, na hayo maneno yaliniuma sana, sitaficha, nilikaa ndani siku nne. Mwanaume wa miaka yangu akitembea asubuhi wanasema mzee yuko fiti, mstaafu anajitunza. Mwanamke akitembea anatafutiwa sababu. Naomba wanaume mnaosoma hapa mtembee na wake zenu, hata siku moja kwa wiki, mtaa ukishazoea kuona wanawake watu wazima barabarani asubuhi hakuna atakayeuliza tena.

Walionitoa ndani ni vijana wa joging. Morogoro kama Dar, kama Zanzibar, kila mtaa una klabu yake, wana fulana zao, Jumamosi na Jumapili wanakimbia wanaimba, na wakipata msiba wanachangiana, mmoja wao akilazwa wanakwenda kumuona. Watu wanawaona kama kelele tu lakini mi nimekaa nao. Mwenyekiti wao alikuwa mwanafunzi wangu. Akaja mlangoni, mwalimu, sisi tunakimbia wewe tembea nyuma yetu, tukigeuka tutakukuta njiani. Na kweli hivyo ndo tunafanya mpaka leo. Sa hivi nyuma kule tupo kina mama tisa na babu wawili. Mnakumbuka Desemba 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alipotangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima? Wakati ule tulikwenda kama watumishi kwa sababu barua imekuja, tukasaini mahudhurio, baada ya miezi kadhaa kwetu ikapoa. Hawa vijana hawana barua ya mtu na hawajaacha.

Kwenye hiyo klabu nimewajua vijana ambao ningewasikia tu kwenye lawama. Wapo waliokuwa wanabeti hela yote ya bodaboda, mmoja alishawahi kupoteza hesabu ya wiki nzima ya bosi wake kwa mechi mbili, anaelezea mwenyewe bila kuficha. Anasema akikimbia asubuhi mkeka wa kubeti haumwiti sana. Sisemi mbio zinatibu kubeti, ila nasema hawa watoto tumewanyima pa kwenda. Kiwanja tulichokuwa tunachezea netiboli na walimu wenzangu miaka ya tisini mwishoni sa hivi ni fremu za maduka. Vingine ni gereji. Tunawaambia fanyeni mazoezi, wapi? Barabarani, pembeni hakuna njia ya miguu, au ipo na pikipiki zimepaki juu yake. Mi natembea upande wa kulia ili magari niyaone yanakuja usoni, na kila asubuhi kuna mahali lazima niingie mtaroni. Mtu mwenye fimbo atapita wapi pale? Wanaopitisha ramani za viwanja naomba wawafikirie wazee na watoto kwa pamoja, kwa sababu uwanja unaomfaa mtoto kukimbia ndio unaomfaa bibi kutembea.

Chakula sitaandika sana, kila mtu anajua mafuta na sukari. Ila kuna mawili siyaoni yakisemwa. La kwanza ni chumvi, kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima kisizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu ya ndani ya mkate, ya dagaa wa chumvi, ya vile vidonge vya mchuzi tunavyoponda viwili viwili kwenye sufuria. La pili ni bibi kujinyima. Angalia nyumba zetu, nyama imepikwa, wa kwanza baba, wajukuu, wageni, bibi anachukua mchuzi na mfupa, anasema mi sina hamu nimeshakula sana duniani. Ni upendo, najua, nimefanya hivyo miaka mingi. Lakini yule bibi ndiye misuli yake inakwisha na misuli inajengwa kwa nyama, mayai, samaki, maharage, maziwa. Ukikosa nyama dagaa wapo, kunde zipo, karanga zipo. Mama akisema hana hamu mwekee kwenye sahani yake na mkae wote mpaka amalize.

Na dawa za presha jamani. Hili nimezika watu kwa ajili yake. Mtu anapewa vidonge, anakunywa miezi miwili, anapima yuko 130 kwa 80, anasema nimepona anaacha. Ameshuka kwa sababu ya kidonge! Ukikiacha presha inapanda tena na haikupigii hodi, siku moja mtu anaamka mdomo umekwenda upande, kiharusi. Sokoni kuna magari yana spika yanatangaza unga mmoja unaotibu presha, sukari, tezi dume, bawasiri na nguvu za kiume kwa mpigo. Wanunuzi wakubwa ni sisi wastaafu. Na wazee wenzangu wanaume mnaonunua vumbi la Kongo la nguvu za kiume na vidonge vya kificho huku mna presha, nawaambia kama dada yenu, hamjui kilichomo ndani, mwambieni daktari shida yenu ilivyo, yeye ameyasikia hayo kila siku wala hatashangaa. Mi sipingi miti shamba, mama yangu alinitibu kwa miti shamba. Napinga kuacha kidonge bila kumuuliza aliyekupa.

Hospitalini penyewe sijasema kumekamilika. Bango lipo ukutani, Mpishe Mzee Kwanza, na sera ya wazee tunayo tangu 2003. Kuna kituo kimoja nilikaa chini ya bango hilo hilo kuanzia saa moja mpaka saa sita na nusu, nikiuliza naambiwa bibi subiri. Mwisho nikaambiwa dawa moja hakuna kanunue nje. Mi nina pensheni na nina kadi ya bima, nilinunua. Pembeni yangu alikuwepo bibi aliyetoka kijijini, hana kadi, hana hela, akakunja cheti chake akaondoka. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa Bungeni 2023 na mi niliifurahia sana, na nitakachoipimia ni yule bibi, akirudi pale anatoka na dawa mkononi au na karatasi.

Nimetaja pensheni, tuiseme. Kikokotoo, ile kanuni inayopanga sehemu gani ya mafao mstaafu anapewa kwa mkupuo na ipi kila mwezi, kimeua watu kwa mawazo. Mi nilibahatika, mwishoni mwa 2018 Rais Magufuli alisimamisha ile kanuni mpya ya mkupuo wa asilimia 25, kwa hiyo waliostaafu 2019 tulilipwa kwa utaratibu wa zamani wa asilimia 50. Rafiki yangu tuliyefundisha darasa jirani alistaafu 2023 akakuta asilimia 33, iliyoanza Julai 2022. Mwaka 2024 ndo ikapandishwa kwenda 40 kwa watumishi waliokuwa kwenye ile 50. Yeye nyumba yake aliipiga hesabu kwa 50. Ukuta umesimama, hauna bati mpaka leo. Naelewa sababu ya kupunguza mkupuo, pensheni ya kila mwezi inaongezeka na mfuko unadumu, na kusema kweli ya kila mwezi ndiyo inayolisha, ya mkupuo wengi iliyeyuka mikononi. Nachokataa ni mtu kubadilishiwa akiwa na miaka 58 ameshakopa saruji. Mwambie akiwa na 40, atajipanga. Halafu kuna wezi wa simu, wiki ileile hela imeingia wanakupigia wanakuita jina lako kamili, mama kuna mapunjo yako, tuma kiasi kadhaa tukufungulie faili. Rafiki yangu huyo huyo walimpata. Presha yake na yangu tunakunywa kidonge kile kile, yeye haishuki, na mi naamini ni ile nyumba anayoiangalia kila akifungua dirisha.

Nimalizie na hili ambalo halinitoki. Miaka yangu ya kwanza kumi na nne nilifundisha mkoa wa Shinyanga. Jirani na shule alikuwepo bibi, macho mekundu, mgongo umepinda, anaishi peke yake. Alikuwa ananiletea karanga. Kule miti ni michache, wanawake wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, jikoni hakuna dirisha, moshi wa miaka hamsini unaingia machoni. Usiku mmoja walikuja na mapanga. Watu wakasema alikuwa mchawi, macho yale mmeyaona. Mimi mwalimu kijana nikaogopa, sikusema neno lolote hadharani, na hiyo naibeba. Mauaji ya vikongwe yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo, Shinyanga, Mwanza, Tabora, magazeti yaliandika sana. Ilikuwa ni moshi. Macho mekundu ni moshi, na vikope, na umri, na mgongo kupinda ni mifupa, na kusahausahau na kuongea peke yako usiku ni ugonjwa wa ubongo unaotaka uangalizi. Tukizungumza afya ya wazee kwenye nchi hii hatuwezi kuishia kwenye hatua ngapi simu imehesabu, kuna mahali mwili wa mama mzee ukionyesha dalili za uzee anakuwa hatarini kwa majirani zake.

Kwa hiyo mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, kwamba mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, wengine wanauona ni mambo ya mazingira na miti. Mi nauona ni macho ya yule bibi.

Dada yangu yuko Kahama, ana miaka 74. Mwaka jana nilimtumia jiko na mtungi mdogo wa gesi, na nilimwambia kwa simu zoezi la kiti, anafanya, anafika nane. Gesi anachemshia chai na uji, kuijaza tena ni hela, kwa hiyo maharage bado anapikia kuni. Nimemwambia ayaloweke usiku kucha yaive upesi, na awashe moto nje, asiingie tena kwenye lile jiko la udongo.